Mawe Yasiyo na Chokaa

Barabara ya lami itokayo Katito kwenda Homa Bay inaambaa na Ghuba ya Winam upande wa kusini, ziwa mkono wa kulia, mashamba ya mahindi na mtama mkono wa kushoto. Matatu ilipofika Kendu Bay nilishuka peke yangu; abiria wenzangu walikuwa wanaendelea mbele. Aliyeketi ndani ya gari haoni sababu ya kushuka. Anaona kituo cha mafuta, vibanda vya matunda na vijana wa boda boda wakigombania wateja. Mji wa zamani hauko barabarani. Uko chini, ufukweni, na ndio niliotaka kuuona kwanza kabla sijaelekea Thimlich Ohinga, kule Nyatike katika kaunti ya Migori.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimekua nikiona majumba ya mawe yakifa taratibu. Kwanza mfereji wa paa huziba. Kisha boriti ya mkoko huoza kichwa, pale inapoingia ukutani. Kisha dari huporomoka usiku, na asubuhi majirani husema nyumba imeanguka ghafla, ingawa wote walikuwa wakiuona ufa kwa miaka. Tarehe 25 Desemba 2020, Zanzibar, sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Habari ile ilinikaa moyoni. Thimlich kuna kuta zilizopangwa kwa mawe matupu, hazina chokaa wala udongo, hazikuchimbiwa msingi, na wataalamu wanakadiria kwamba zimesimama tangu karne ya 16. Nilitaka kuziona, na nilitaka kwanza nipite Kendu Bay ili nione mawe na chokaa ya juzi yamefikia wapi.

Njia ya kushuka ziwani ina kivuli kizuri. Unapita nyumba za watu, unasikia kuku na redio, halafu unatokea kwenye mtaa wa maduka ambao zamani ulikuwa na shughuli. Maduka yamejengwa kwa mtindo ule ule ambao wafanyabiashara wa Kihindi waliujenga kuanzia Mombasa hadi Kampala: kibaraza kirefu mbele, milango mipana ya mbao, duka mbele na makazi nyuma, paa la mabati lililoinama kuelekea uani. Mengine bado yana watu. Mengine yamebaki kuta, na mti umeota ndani na kutoa matawi kupitia dirishani.

Historia yake haina siri. Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na baada ya hapo meli zikawa zinazunguka bandari ndogo za ziwa. Ngozi, samli, simsim na baadaye pamba vilipakiwa kwenye gati za upande huu wa kusini na kupelekwa Kisumu. Nguo, chumvi, sukari na mafuta ya taa vikarudi. Penye gati pakawa na duka. Allidina Visram alikuwa tayari amefungua njia kwa maduka yake kutoka pwani hadi Uganda, na wafanyabiashara wadogo wakafuata. Waislamu wakajenga msikiti. Kwa muda mrefu mtu wa hapa Rachuonyo aliyetaka kwenda Kisumu hakuwazia barabara, aliwazia meli. Kisha mambo mawili yakaja karibu pamoja. Barabara ilichukua mizigo ya meli, na mwaka 1967 Sheria ya Leseni za Biashara iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika miji midogo kama hii. Wengi wakafunga, wakaenda Kisumu, Nairobi au Uingereza. Maduka yakabaki na wapangaji, na wapangaji wa wapangaji.

Kwenye kibaraza kimoja nilimkuta mama mmoja akiuza omena, ameipanga kwa vifungu juu ya gunia. Nilimsalimia, nikaomba ruhusa ya kuketi kivulini. Nikamuuliza nyumba ile ni ya nani.

"Ya Mhindi," akasema.

"Mhindi yupi, mama?"

"Wa zamani. Mimi niliolewa hapa nikakuta ameshaenda. Kuna kijana anakuja kuchukua kodi."

"Na paa likivuja?"

"Likivuja tunasogeza vitanda." Alisema bila hasira yoyote, huku akimhesabia mteja chenji. "Kijana anasema yeye ametumwa kodi tu, hajatumwa bati."

Niliingia ndani kwa idhini yake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umefanya tumbo, kama mafundi wanavyosema. Maji ya paa yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta, yakilainisha chokaa iliyoshikilia mawe, na chokaa ikitoka mawe husogea. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa chini. Mtu mwenye nia njema alikuwa ameona lipu ya zamani ikidondoka, akanunua mfuko wa saruji, akaupiga ukuta lipu mpya hadi kiunoni. Ukuta wa chokaa unapumua: unanyonya unyevu wa ardhi na kuutoa hewani. Ukiufunika kwa saruji, unyevu hukosa njia, hupanda juu ya ile lipu ngumu na kuanza kula sehemu ambayo hapo awali ilikuwa kavu. Lamu mafundi walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa, na mafundi wazuri wa kule sasa wanarudi kwenye chokaa. Hapa hakuna aliyewahi kumwambia yule mtu. Alitumia fedha zake kuharibu nyumba aliyokuwa akijaribu kuiokoa, na mimi siwezi kumlaumu hata kidogo.

Ziwa nalo halina huruma kwa majengo ya ufukweni. Wazee wa hapa bado wanayataja mafuriko ya miaka ya mwanzo ya uhuru, maji yalipopanda hadi kilele cha mwaka 1964. Mei 2020 maji yalifika kimo kile tena na kukipita kidogo, yakaingia kwenye nyumba, kwenye gati na kwenye vyoo vya watu. Jengo la mawe linaweza kustahimili maji kwa wiki kadhaa endapo mwenyewe atakuja baadaye kulikausha, kuondoa tope, kuziba nyufa. Jengo lisilo na mwenyewe huachwa na tope lake.

Msikiti ni jambo jingine kabisa. Una rangi mpya, madirisha mazima, mikeka safi. Nilisali adhuhuri pamoja na wazee wachache na vijana wa shule. Hakuna mradi wa turathi uliowahi kuhitajika ili kupaka ule ukuta rangi. Watu wanaoingia mara tano kwa siku huona tone la kwanza linalovuja, na mmoja wao hupanda juu.

Jioni nilipanda kilima cha Gendia. Mwaka 1906 wamisionari wa Waadventista Wasabato waliweka kambi yao hapa, Arthur Carscallen kutoka Kanada pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Jina la Nyambo hutajwa mara chache kuliko la mwenzake, na nadhani lingestahili kutajwa zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia misheni iliporwa, wamisionari walipoondoka kwa ajili ya mapigano ya upande wa mpaka. Wakarudi wakaanza tena. Kabla ya vita hivyo, mwaka 1913, mtambo wa kupiga chapa ulikuwa umeanzishwa, na nyumba ile ya uchapishaji ipo hadi leo, inaitwa Africa Herald. Nilizunguka kati ya majengo ya mawe yenye miti mikubwa pembeni. Hayakuwa makumbusho. Mlikuwa na watu wakibeba karatasi, mwalimu akifunga darasa, mtu akifagia. Kuta zile zina umri sawa na maduka ya chini ziwani, pengine zinayazidi, na ziko wima.

Homa Bay nililala tu. Ni mji uliojaa ujenzi mpya, hasa tangu ulipokuwa mwenyeji wa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, na sina la kulalamika juu ya barabara nzuri na taa za mtaani. Nilikula mbuta wa kukaanga karibu na ziwa, nikautazama mlima Asego ukiingia giza, nikalala mapema kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya vumbi.

Kutoka Homa Bay hadi Rodi Kopany ni lami. Hapo nilipanda Probox iliyokuwa ikienda Ndhiwa, tukabanana watu kama kawaida ya magari hayo, kuku wawili miguuni pangu. Kutoka Ndhiwa nikachukua boda boda. Nchi inabadilika kadiri unavyokwenda kusini-magharibi: miwa inapungua, vichaka vinaongezeka, mawe meusi yanaanza kuonekana juu ya ardhi, madogo kwa makubwa, kila mahali. Kijana aliyeniendesha alinionyesha kwa kidevu. "Huku mawe ndiyo mavuno, mzee." Alikuwa ametaja, bila kukusudia, sababu ya kwanza ya Thimlich kuwapo. Watu waliohamia hapa walikuta ardhi imejaa mawe ya kujengea, hawakuhitaji kuyachonga wala kuyasafirisha.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya wana ofisi ndogo langoni. Kiongozi wangu alikuwa mtu wa kijiji cha jirani, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kugusa ukuta anapozungumza. Eneo zima lina ohinga nne, yaani maboma ya kuta za mawe, zinazotambulika kwa majina: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Tulianza na Kochieng, iliyo kubwa kuliko zote, upana wake kama mita 140 kutoka ukuta hadi ukuta. Kuta zake kuna mahali zinapita mita 4 kwenda juu, na unene wa chini kabisa ni kama mita moja. Mlango ni mdogo kwa makusudi. Unapoingia huna budi kuinama, na mtu aliyeinama hawezi kushika mkuki sawasawa. Aliye ndani, aliyekuwa amesimama karibu na lango, ndiye aliyekuwa na uamuzi.

Ndani kuna nyasi, miti ya mpungate mirefu, na ardhi yenye mabonde madogo ya mviringo ambapo nyumba zilikuwa. Kuna zizi la ng'ombe katikati. Kuna jiwe lenye mashimo ya kuchezea bao, ambalo wenyeji huita ajua, mashimo yamelainika kwa vidole vya vizazi. Nje ya ukuta, upande wa kaskazini, kuna mahali palipoyeyushwa chuma. Na katika uchimbaji wa kisayansi zilipatikana shanga za kioo, vitu visivyotengenezwa hapa. Nilisimama sana kwenye habari hiyo ya shanga. Mtu wa pwani amezoea kudhani historia yake inaishia Taita au Mwanza. Kumbe kitu kidogo kilichopita mikononi mwa watu wa Bahari ya Hindi kilifika hadi ndani ya ukuta huu.

Nilimwomba kiongozi anieleze ukuta unavyosimama, akachuchumaa mbele ya sehemu moja iliyoonyesha vizuri. Kuna uso wa nje na uso wa ndani, zote mbili zikipangwa kwa mawe makubwa yaliyochaguliwa yakaane, na kati yake kuna safu ya tatu ya mawe madogo yanayojaza na kuziunganisha nyuso mbili. Uzito ndio gundi. Maji ya mvua hupenya na kutoka, hayana mahali pa kukaa na kuozesha. Kila mlango una mawe marefu ya linta juu yake, na mahali ukuta ulipohitaji nguvu waliuongezea egemeo. Waliojenga kwanza wanadhaniwa kuwa watu wa lugha za Kibantu. Baadaye makundi ya Wajaluo wakaja, wakaishi humo, wakaondoka, wengine wakaingia. Kila kundi lililoingia lilikuta kuta na kuzitengeneza. Hicho ndicho nilichokuja kukitafuta. Kuta hizi zimesimama miaka zaidi ya 400 kwa kuwa karibu muda wote huo walikuwamo watu waliojua kurudisha jiwe lililoanguka. Uimara wa jiwe peke yake usingetosha.

Watu walihama katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Utawala wa kikoloni ulipokomesha mapigano ya koo, hapakuwa tena na haja ya kuishi nyuma ya ukuta mkubwa. Kila mzee akaenda kufungua boma lake kwenye ardhi wazi, akalizungushia ua wa miti. Hapo ndipo uharibifu ulipoanza. Mizizi iliingia kati ya mawe. Ng'ombe na mbuzi walipanda kuta wakifuata majani. Watoto walipita juu badala ya kuzunguka hadi langoni. Jiwe moja la juu likianguka, la chini yake hulegea, na baada ya misimu michache una rundo. Kilichoizuia Thimlich isiishe ni heshima. Kwa mila za hapa boma lililoachwa si mahali pa kuchokora. Wazee walikataza, na watu walikuwa wakiwasikiliza.

Serikali iliitangaza kuwa mnara wa taifa mwaka 1981. Tangazo kwenye Gazeti la Serikali halirudishi jiwe mahali pake, na kwa miaka mingi kuta ziliendelea kulegea, hadi mwaka 2000 Thimlich ilipoingizwa na Mfuko wa Minara ya Dunia katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Kazi za ukarabati zilizofuata ndizo ninazotaka kila mhandisi wa kaunti azisikie. Hawakuleta saruji. Kiongozi alinionyesha sehemu zilizojengwa upya, na bila yeye nisingezitambua. Vichaka vilikatwa, miti iliyokuwa ikisukuma kuta ikaondolewa kwa uangalifu, mawe yaliyolala chini ya ukuta yakarudishwa juu yakiwa ni yale yale.

"Fundi wa mjini alitaka tuweke simenti kidogo katikati, ishike," aliniambia, akitabasamu. "Mzee mmoja akamwambia, ukiweka simenti ukuta utasahau kujishikilia mwenyewe."

"Mzee huyo yuko?"

"Alifariki. Lakini wapo tuliobeba mawe naye."

Nilimuuliza wangapi. Alinyamaza akifikiri, akataja majina machache kwa Kijaluo, akihesabu vidole vya mkono mmoja.

Safari ya kuingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia haikuwa rahisi. Mwaka 2015 kamati ya UNESCO iliahirisha uamuzi na kuirudishia Kenya kazi ya kufanya. Mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, Thimlich Ohinga ilikubaliwa. Kabla yake, turathi zote za kitamaduni za Kenya katika orodha hiyo zilikuwa kwetu pwani: Lamu mwaka 2001, makaya ya Wamijikenda mwaka 2008, Fort Jesus mwaka 2011. Nilifurahi kwa dhati kwamba orodha imetoka pwani. Imekuwa desturi mbaya kufikiri kwamba jengo la kale la Kenya lazima liwe na mlango wa nakshi na athari za Uarabuni. Hapa kuna usanifu mkubwa usioazimwa kokote, unaoweza kusimama pamoja na Great Zimbabwe katika mazungumzo yoyote, ingawa kule mawe yalichongwa na hapa hayakuchongwa.

Lakini Thimlich haiko peke yake, na hili halisemwi vya kutosha. Watafiti wameorodhesha zaidi ya ohinga 500 katika eneo lililokuwa wilaya ya South Nyanza, yaani Homa Bay na Migori za leo. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika zaidi. Nyingine nyingi ziko ndani ya mashamba ya watu. Ardhi ilipopimwa na kugawanywa kwa hati, ukuta wa ukoo mzima ukawa mali ya mtu mmoja, na mtu huyo ana watoto, ana ada za shule, ana haja ya kulima.

Nilipelekwa kuona mojawapo, mwendo wa boda boda kutoka hapo. Sitapataja mahali kwa heshima ya mwenyewe. Ilikuwa imebaki nusu duara, kimo cha kifua changu, lango lake likiwa bado na linta. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda. Mwenye shamba, mzee wa makamo, alitupokea vizuri, akatuletea viti chini ya mwembe, na hakuficha lolote.

"Baba yangu alikataza kuyagusa haya mawe," alisema. "Nami niliwakataza wanangu. Lakini mwaka ule mvua ilibomoa choo, na fundi alisema anahitaji mawe ya msingi. Tukachukua kidogo. Baadaye ikaja lori."

"Lori la nani, jaduong'?"

"Mtu wa ujenzi. Alilipa vizuri." Alitazama ukuta. "Nyinyi mnaokuja na kamera mnasema ni historia. Sawa, ni historia. Lakini hakuna aliyekuja kusema: tukusaidie kuitunza, au tukulipe kwa kuiacha hapo. Ninyi mnapiga picha mnaenda."

Sikuwa na jibu, na sioni kwamba alikuwa na kosa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kama hapo kuwa mnara unaolindwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeiachia serikali ya kitaifa minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na imezipa kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni. Kati ya mamlaka hizo mbili kuna pengo pana, na ohinga ya mzee huyu imo ndani yake. Haijatangazwa kitaifa, kwa hiyo Nairobi haina mtu wa kuituma. Haiko kwenye makumbusho, kwa hiyo kaunti haina bajeti yake. Duka la mama wa omena kule Kendu Bay limo humo humo.

Kwenda Migori mjini nilipitia Macalder, ambako mgodi wa dhahabu na shaba uliofungwa mwaka 1966 umeacha mashimo na mabaki ya mitambo, na wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba pembeni. Migori yenyewe ni mji wa barabara kuu, malori ya Isebania yakipita mchana na usiku, majengo ya vioo yakiinuka kwa kasi. Majengo ya kale ni machache, na nilitaka kuandika kwamba hakuna cha kuokoa hapo. Lakini nilipokaa hotelini kupanga niliyoyaona, nikaona kwamba ni mji huu, wenye makao makuu ya kaunti, ndio wenye kalamu ya kuokoa yale mengine. Vile vile Homa Bay.

Kwa hiyo naomba mambo haya, na nayaomba kwa majina ya ofisi. Kaunti za Homa Bay na Migori zifanye daftari la majengo na kuta zao za kale: ohinga moja moja, maduka ya Kendu Bay, gati, nyumba za misheni, na jina la anayemiliki kila kimoja. Kazi hiyo haihitaji wafadhili; inahitaji maofisa wachache wenye pikipiki, kamera na msimu mmoja wa kiangazi. Mwenye shamba anayeiacha ohinga isimame apunguziwe kodi ya ardhi au alipwe kitu kila mwaka, hata kikiwa kidogo, ili lori likija awe na sababu ya kulikatalia. Taasisi za ufundi za kaunti hizi mbili ziwaite wale waliobeba mawe pamoja na yule mzee wa Thimlich, waliobaki wachache, wawafundishe vijana kupanga ukuta mkavu na kuchanganya chokaa, kwa mshahara, kama fundi yeyote mwingine anavyolipwa. Na wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kuna ukuta wa mawe uliokatazwa na babu, usiyauze mawe yake mwaka huu. Kilo za saruji utazipata dukani wakati wowote. Mtu anayejua kurudisha jiwe lile mahali pake hapatikani dukani, na katika vijiji vya Thimlich wamebaki wa kuhesabika.